Dada wa Nani?

Katika nyumba ile aliitwa Dada, basi. Siku aliyofika na begi lake lenye zipu mbovu, mwenye nyumba alimuuliza jina pale sebuleni, naye akalitaja lote, la kwake, la baba na la babu, kama alivyofundishwa kwao kujitambulisha mbele ya watu wazima. Halikusikika tena. Watoto walimwita Dada, jirani fundi seremala alimwita Dada, muuza maziwa alibisha hodi akiuliza, "Dada yupo?" Kabla yake walipita Dada wengine wawili waliolalia kitanda kile kile cha chumba cha stoo, kwa hiyo ukitaka ukweli, jina lenyewe alilikuta pale pamoja na godoro.

Watoto walikuwa wawili. Mkubwa, mvulana wa darasa la kwanza, walimpachika jina la Mzee kwa maswali yake na kwa ile tabia ya kutembea mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. Mdogo wake wa kike alikuwa Kibonge, na wakati huo alilistahili jina. Ukimbeba kutoka sebuleni hadi bafuni unafika unahema. Baba yao alifariki Kibonge hajaanza kutambaa. Mama yao alikuwa muuguzi, mwanamke wa maneno machache na haraka nyingi. Kila mchana alipiga simu kutoka kazini kuuliza neno moja tu: "Wamekula?" Dada akijibu, "Wamekula, mama," simu inakatwa. Hakuna za mchana, hakuna umeshindaje.

Asubuhi ya siku mambo yalipoharibika, Dada alikuwa akipiga pasi gauni jeupe la kazi la mama. Huko jikoni Kibonge akaanguka na kikombe, Dada akatimka mbio, na aliporudi pasi ilikuwa imelala kifuani mwa gauni na kuacha alama ya kahawia yenye ncha. Ukiniuliza mimi, anayefanya kazi za watu watatu lazima siku moja aunguze kitu. Lakini mama wa watu alikuwa hajapata usingizi wa maana. Mji ulikuwa umejaa minong'ono, wagonjwa waliletwa wakiwa na majeraha yasiyoelezeka, na hofu ikishamjaa mtu mzima hutafuta pa kumwagikia. Ikamwagikia kwa Dada. Mama alivaa gauni la zamani, akasimama mlangoni na funguo mkononi.

"Umenichosha. Funga mizigo yako. Mchana wapeleke watoto kwa mke wa fundi, wewe ushike njia yako. Nikirudi jioni nisikukute."

Mzee alikuwa mezani na chai yake. Alisikia kila neno.

Dada hakulia. Alifunga begi, akafagia, akapika, akawaogesha watoto mara ya mwisho. Wakati wa kuogeshwa walikuwa na wimbo wao, wimbo aliowatungia yeye mwenyewe kutokana na namba ya simu ya mama yao, tarakimu moja moja kwa kila kopo la maji, ili siku wakipotea sokoni waweze kuuimba kwa mtu mwema. Walikuwa katikati ya wimbo huo risasi zilipoanza. Mwanzoni alidhani ni mbao za fundi zinaanguka. Kisha kioo cha dirisha la jikoni kikatoka mahali pake.

Aliwalaza watoto sakafuni bafuni, akalala juu yao, na wakakaa hivyo na sabuni zao mwilini. Kelele zilipohamia mtaa wa pili alichungulia nje. Mlango wa fundi seremala ulikuwa na kufuli. Yeye na mkewe walishaondoka, na mkokoteni wa mbao haukuwapo. Barabarani watu walikuwa wakipita bila kusalimiana. Dada akarudi ndani, akakaa karibu na simu yake. Ilikuwa saa ya "Wamekula?" Simu haikulia. Alipojaribu kupiga, mtandao ulikuwa umekufa.

Akasubiri kadiri roho yake ilivyoweza kuvumilia. Moshi ulipoanza kuingia kwa upande wa jikoni alilifungua begi lake, begi lililokuwa limefungwa tayari kwa safari nyingine kabisa, akamwaga nguo zake kitandani, akajaza za watoto. Kibonge alikuwa akimlilia mama yake. Dada akamtupia gauni lile lililoungua, maana lilikuwa na harufu ya mama, na mtoto akanyamaza amelikumbatia. Ndivyo lilivyoingia safarini.

Walitoka na kundi la watu wasiowajua. Sitawaelezea njia nzima, kwa sababu njia ya namna ile inafanana: unatembea, unakaa, mtoto anauliza kama tumefika, unasema karibu. Dada alisema karibu hadi neno likakosa maana. Kibonge alikuwa mgongoni amefungwa kwa shuka, Mzee ameshika pindo la gauni la Dada, na kila wakiona gari wanaingia vichakani. Walipopata nafasi juu ya lori la viazi, dereva alisema watoto wakae katikati ya magunia na wasiinue kichwa hata wakiitwa na malaika.

Hawakuitwa na malaika. Lori lilisimamishwa darajani na vijana wenye bunduki, wengine wao hata ndevu hazijawatoka. Wote wakashushwa. Kijana mmoja alilimwaga begi la Dada chini, na kilichoanguka juu kabisa kilikuwa gauni jeupe.

Akaliinua kwa ncha ya bunduki. "Nani muuguzi hapa?"

Wanawake wote wakatazama chini. Nyuma ya daraja, kwenye kivuli, majeruhi wao walikuwa wamelazwa kwenye mikeka, wakiguna. Mama mmoja aliyekuwa na mkoba wenye bandeji alikuwa ameshatolewa kwenye mstari na kupelekwa huko, na watoto wake walikuwa wamesimama peke yao kando ya barabara.

"Si la kwangu," alisema Dada. "Ni la mama yetu."

Hapo ndipo alipolisema mara ya kwanza. Mama yetu. Lilimtoka lenyewe, kabla hajalipima.

"Mama yenu yuko wapi?"

"Ametangulia."

Kijana akamtazama, akatazama gauni, akainama hadi usawa wa uso wa Kibonge aliyekuwa akichungulia begani. Alinuka pombe na mafuta ya gari. "We mtoto. Huyu ni nani?"

Kibonge alifikiri. Akatoa kidole kinywani.

"Dada," akasema, kwa sauti ya mtu anayeulizwa jambo la kijinga.

Kijana akalitupa gauni juu ya begi na kuwaonyesha lori kwa kidevu. Dada aliokota vitu vyote, akapanda. Daraja lilipotoweka akacheka kidogo peke yake, cheko la mtu aliyenusurika. Mtoto hakudanganya. Alisema alichokuwa akisema kila siku ya Mungu akitaka maji.

Mbele kidogo barabara iligawanyika. Kushoto ni kwao Dada, kwa mama yake mzazi. Angeweza kufika huko kwa miguu, kuvuka mto, kulala kwao. Kulia ni mpakani. Bibi mmoja wa upande wa kwao, aliyekuwa akishuka kwenye lori, alimtambua. "Mwanangu, si kwenu huku? Njoo tuvuke wote."

"Na hawa?"

Bibi alitazama mto, ulikuwa umejaa, watu wanavuka kwa kamba, maji kifuani. Dada aliona mgongo wa bibi ukishuka kuelekea mtoni, na alitamani kumfuata. Kisha lori likaondoka naye akiwa ndani.

Kituo cha mapokezi ng'ambo ya mpaka kilikuwa ghala la zamani la saruji. Walipewa mkate na chai ya rangi, wakaambiwa wapange mstari. Na kila mwanamke pale aliitwa dada: dada sogea, dada mshike mtoto, dada usilale hapo. Mama mmoja aliyekuwa mbele yao kwenye mstari, mwenyeji wa vituo vya aina ile, alimnong'oneza.

"Hao ni wadogo zako wa tumbo moja?"

Dada akawatazama watoto.

"Basi sema ni wa tumbo moja. Ukisema vingine, watoto wanapelekwa mlango ule wa kijani, wewe unapelekwa kwenye mahema ya watu wazima. Mtaonana kwa Mungu."

Dada akautazama mlango wa kijani. Ulifunguliwa, mtoto mmoja akaingizwa akilia, ukafungwa. Akachuchumaa mbele ya Mzee na kumshika mabega.

"Ukiulizwa mimi ni nani, sema dada."

"Lakini wewe ndiye Dada," alisema Mzee.

"Ndiyo. Hivyo hivyo."

Watu husema mtoto hajui uongo. Wanamsingizia. Mtoto anajua uongo vizuri, muulize aliyelamba sukari. Asichokijua ni uongo unaotakiwa na mkubwa, kwa wakati unaotakiwa. Afisa alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani na sauti ya upole. Alimwita Dada kwanza, akamuuliza, "Hawa ni nani wako?" Dada akasema, "Wadogo zangu." Kisha afisa akasema atazungumza na Mzee peke yake. Dada aliketi kwenye benchi nyuma ya pazia la turubai, Kibonge mapajani, akasikia yote.

"Huyu uliyekuja naye ni nani?"

"Dada."

"Vizuri. Anaitwa nani?"

"Dada."

"Jina lake la shuleni, baba."

"Haendi shule. Anatupeleka tu."

Dada alijikuta amembana Kibonge hadi mtoto akalalamika.

"Nyumbani kwenu mko watoto wangapi?"

"Wawili."

"Wewe, mdogo wako, na dada. Si watatu hao?"

"Dada si mtoto," alieleza Mzee kwa uvumilivu mkubwa. Na kwa kuwa aliona afisa haelewi, na yeye alipenda mambo yaeleweke, akaendelea. "Tumekuwa na dada watatu. Dada wa kwanza alipenda sana redio, mama akamfukuza. Wa pili aliolewa. Huyu ni wa tatu. Lakini na yeye mama alishamfukuza."

"Lini?"

"Siku ile ya risasi. Aliunguza gauni. Mama akamwambia nikirudi jioni nisikukute." Mzee akapima kama amesema yote. "Na kweli hakumkuta."

Kalamu ya afisa ililazwa mezani. Naye afisa alikuwa na Dada kwake, msichana aliyeachiwa watoto na funguo tangu alfajiri, na kwa dakika ile alimwona msichana huyo akitoka mlangoni na watoto wake, begi begani. Alipolivuta pazia upole ulikuwa umemtoka usoni.

"Njoo hapa. Watoto wabaki."

Akamkalisha mbele yake. "Mama amekufukuza kazi. Siku hiyo hiyo unaondoka na watoto wake, unavuka nao mpaka, unaniambia ni wadogo zako. Ungekuwa mimi ungefikiri nini?"

"Ningefikiri hivyo unavyofikiri," alisema Dada.

"Ungeniambia wewe ni mlezi wao ningekuelewa. Walezi tunawaweka na watoto. Kuna chumba chao kabisa. Ila umeanza na uongo, na watu wanaiba watoto siku hizi, wanawauza. Nitakuaminije?"

Neno mlezi alilijua vizuri tu, ila hakuwahi kufikiri kwamba linamhusu yeye.

"Mimi nimewazoea hivyo. Wananiita dada."

"Dada wa nani?"

Watoto wakapelekwa mlango wa kijani. Kibonge alipiga kelele ambazo mimi singependa kuzisikia mara mbili, na Mzee alienda kimya, akigeuka kila hatua, kwa sababu alikuwa ameanza kuhisi kwamba kuna kitu alikosea na hakijui. Dada akaambiwa akae kwenye benchi hadi polisi wa kituo waje. Mlinzi akasogeza kiti chake karibu naye.

Alikaa hapo hadi siku iliyofuata. Asubuhi mwanamke wa zamu alitoka mlango wa kijani na sahani mbili zikiwa kama zilivyoingia, akamwambia mlinzi kwamba yule mdogo amefumba mdomo, amekumbatia gauni lake bovu, na kaka yake naye kagoma. Dada alisikia. Ndipo alipoinuka, mlinzi naye akainuka, na wakaenda hivyo, mmoja nyuma ya mwenzake, hadi kwenye meza ya afisa.

"Mzee anaijua namba ya simu ya mama yake," alisema. "Ukimuuliza hivi hivi atababaika. Mwambie aimbe wimbo wa kuoga."

Afisa alivua miwani. "Mbona jana hukuniambia?"

"Nilijaribu njiani hadi simu yangu ikanyang'anywa. Haikuwahi kupatikana." Kisha akalisema kama lilivyo, maana alikuwa amechoka. "Na niliogopa. Mama akipokea anaweza kusema nimemwibia watoto. Aliniambia niwapeleke kwa jirani, sikuwapeleka. Sijui atasema nini. Lakini ni mama yao, na hawali."

"Nikimpata, yeye ndiye atasema watoto wakae na nani. Na wewe uende wapi. Unanielewa?"

"Nimekuelewa."

Mzee akaletwa, akasimama mikono nyuma, akaimba. Sauti ilimkwama katikati, pale pale risasi zilipowakatizia siku ile, na Dada akamalizia naye kwa sauti ya chini, kopo hadi kopo. Afisa aliandika, akapiga. Haipatikani. Akapiga tena baadaye. Haipatikani. Watu wengine wakahudumiwa, polisi wakafika, wakaambiwa wasubiri kidogo, wakasimama mlangoni wakitazama saa zao. Jua lilikuwa utosini afisa alipojaribu tena, kwa mazoea tu, simu ikiwa mezani na sauti imefunguliwa hadi wote wasikie.

Ikaita.

"Haloo?" Sauti ilikuwa imekauka, lakini Dada aliijua kabla neno halijaisha.

Afisa alijitambulisha. Hakusema mengi, kazi yake ilikuwa imemfundisha. Alimtaka mama ataje watoto wake na alama zao, na mama akazitaja, kovu la Mzee gotini, doa la Kibonge nyuma ya sikio, kwa pumzi za mtu anayekimbia. "Wapo hai," alisema afisa. Kwa muda hakukusikika kitu isipokuwa magurudumu ya kitanda cha wagonjwa mahali fulani nyuma yake, na mtu akimwita, na yeye haitiki.

"Mama, unanisikia? Wamefika na msichana. Anasema ni dada yao."

Afisa akavuta daftari lake karibu.

"Watoto hawalijui jina lake. Kama unamfahamu, naomba unitajie jina lake kamili."

Dada alishika ukingo wa meza. Hilo hakulitegemea. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa mwizi, kwa mshenzi wewe, matusi angeyabeba. Lakini jina? Alilitaja mara moja tu, sebuleni, siku ya kwanza, mama akiwa anatafuta viatu vyake. Mtu gani analikumbuka jina la Dada? Akamtazama polisi mlangoni. Akawaza mlango wa kijani, na kwamba hatapewa hata nafasi ya kuwaaga.

Na mama akalitaja. La kwake, la baba, la babu, kwa mfululizo, bila kujikwaa hata mahali pamoja.

"Nimelitaja hilo jina kila kituo," iliendelea sauti. "Kila anayetoka njia ile namuuliza, umemwona msichana anaitwa hivi, ana watoto wawili? Nilirudi nikakuta nyumba imeungua nusu, stoo imepona. Kwa fundi nikakuta kufuli. Kitandani kwake nikakuta nguo zake zote zimemwagwa, za watoto hazipo. Nikasema, basi wako naye. Nikasema kama wako naye, watakuwa hai."

Afisa alikohoa. "Ulikuwa umemfukuza kazi, mama?"

"Nilimfukuza." Sauti ikavunjika. "Kwa ajili ya gauni."

"Naomba unisaidie kitu kimoja. Mpaka utakapofika, watoto wakae na nani?"

"Si umesema wako na dada yao? Wakae na dada yao."

Afisa aliwapungia polisi mkono waende. Kisha akaisukuma simu upande wa pili wa meza, na Dada akaichukua kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama alivuta pumzi ndefu, akaanza neno, akaliacha, akaanza jingine, akaliacha nalo. Mwishowe akarudi kwenye lile alilolizoea.

"Wamekula?"

Dada alitazama mlango wa kijani. Kilio cha Kibonge kilikuwa kimefifia, imebaki kwikwi.

"Bado, mama," alisema, na sasa ndipo machozi yalipomtoka. "Wananingoja. Naenda kuwalisha."

"Haya, nenda," alisema mama. Lakini hakukata simu.